Kutoka Chumba cha Mihadhara hadi Dukani: Historia ya Mchezo wa Mwenye Ardhi kama Zana ya Kufundishia Uchumi, 1904–1983

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya mchezo wa mezani uliobuniwa na Elizabeth Magie na kupewa hataza nchini Marekani mwaka 1904 kwa jina la The Landlord's Game, ambao hapa unaitwa Mchezo wa Mwenye Ardhi. Mchezo huo ulibuniwa ili kufundisha ubaya wa ukiritimba wa ardhi, ukaingia katika mazingira ya chuo kikuu kupitia mwanauchumi Scott Nearing, kisha ukaishia madukani kama Monopoly, mchezo unaomshangilia mkiritimba. Insha inajenga hoja kwamba mgeuko huo haukuanza na kampuni iliyouchapisha mwaka 1935. Ulianza pale mchezo ulipotengana na mambo mawili yaliyobeba somo lake: seti ya pili ya kanuni, na mwalimu aliyeongoza mjadala baada ya kucheza. Hitimisho linaonesha maana ya historia hiyo kwa mhadhiri anayekusudia kutumia mchezo wa mezani darasani leo.

1.0 Utangulizi

Katika miongo ya karibuni wahadhiri wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitumia michezo ya mezani kufundishia historia, uchumi, siasa na uongozi wa biashara. Hoja inayotolewa mara nyingi kuitetea mbinu hiyo ni kwamba mwanafunzi anayecheza hujifunza kwa kutenda, tofauti na yule anayesikiliza mhadhara tu. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, ndani yake imejificha dhana isiyochunguzwa vya kutosha: kwamba somo limo ndani ya mchezo wenyewe, kama dawa ilivyo ndani ya kidonge, na kwamba kila achezaye atalipata, atake asitake.

Insha hii inaipima dhana hiyo kwa kufuatilia maisha ya mchezo mmoja kwa takriban miaka 80. Mchezo wa Mwenye Ardhi unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, dhamira ya mbunifu wake inajulikana, kwa kuwa aliieleza mwenyewe kwa maandishi. Pili, mchezo huo ulipita mikononi mwa walimu na wanafunzi wa vyuo kabla ya kuwa bidhaa. Tatu, umbo la ubao wake lilidumu karibu bila kubadilika huku maana yake ikigeuka kabisa. Ikiwa somo hukaa ndani ya ubao, kete na dadu, basi mchezo uliohifadhi vitu hivyo ungepaswa kuhifadhi na somo lake. Historia inaonesha kwamba haikuwa hivyo.

Maswali yanayoiongoza insha ni mawili. Je, ni nini hasa katika mchezo huo kilichobeba somo? Na ni katika hatua gani ya safari yake somo hilo lilipotea?

2.0 Kodi na Pango: Ufafanuzi wa Istilahi

Neno kodi katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo katika mada hii haziwezi kuachwa zichanganyike. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Mfanyabiashara naye huilipa serikali kodi. Kiini cha fikra zilizouzaa mchezo huu ni kuzitenganisha maana hizo mbili, kisha kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili. Kwa hiyo, katika insha hii neno pango litatumika kwa malipo anayotoa mtumiaji wa ardhi kwa mmiliki wake, na neno kodi litatumika kwa malipo yanayokwenda serikalini pekee.

Inafaa kutambua kwamba lugha ya kiserikali ya Tanzania imeyaunganisha maneno hayo katika istilahi kodi ya pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka anayotoa mmilikishwa wa kiwanja kwa serikali. Istilahi hiyo, inayoonekana kama urudufu wa maneno, inakaribia sana lile ambalo wafuasi wa Henry George walikuwa wakilidai: pango linalolipwa kwa umma. Jambo hili litarejelewa katika hitimisho.

Kuhusu neno ukiritimba, linatumika kwa maana yake ya kawaida ya kiuchumi: hali ya mtu mmoja au kampuni moja kuhodhi bidhaa, huduma au rasilimali kiasi cha kujipangia bei bila mshindani.

3.0 Ubao wa Mwaka 1904 na Fikra za Henry George

Henry George alizaliwa Philadelphia mwaka 1839. Katika kitabu chake Progress and Poverty, kilichotoka mwaka 1879, aliuliza kwa nini umaskini unazidi pale pale ambapo utajiri unaongezeka. Jibu lake lilihusu ardhi. Kiwanja cha mjini, alisema, hupanda thamani si kwa jasho la mmiliki bali kwa sababu jamii nzima imejenga barabara, reli, masoko na shule kukizunguka. Mmiliki anaweza kulala usingizi na akaamka tajiri zaidi. Kwa kuwa thamani hiyo imetokana na jamii, George alipendekeza irudi kwa jamii: serikali itoze kodi moja tu, kodi ya thamani ya ardhi, na kufuta kodi nyingine zinazomwelemea mfanyakazi na mzalishaji. George aligombea umeya wa New York mwaka 1886 na tena mwaka 1897, akafariki siku chache kabla ya uchaguzi huo wa pili. Wafuasi wake waliendelea kuieneza nadharia ya kodi moja kwa vitabu, mihadhara na majarida.

Elizabeth Magie, aliyezaliwa Illinois mwaka 1866, alikuwa miongoni mwa wafuasi hao. Baba yake, James Magie, alikuwa mhariri wa gazeti na mpinzani wa utumwa. Binti alifanya kazi ya karani wa hati mkato katika eneo la Washington. Mwaka 1902 alieleza mchezo wake katika jarida la wafuasi wa kodi moja, na Machi 1903 aliomba hataza. Alipewa hataza namba 748,626 tarehe 5 Januari 1904, wakati ambapo wanawake wachache sana nchini humo walikuwa wakipewa hataza kwa majina yao.

Ubao wa hataza hiyo ni wa mraba, na njia ya kete inauzunguka pembeni pasipo mwisho, tofauti na michezo mingi ya wakati ule ambayo njia yake ilianzia upande mmoja na kukomea mwingine. Wachezaji hurusha dadu, hununua viwanja kwa fedha za mchezo na kutozana pango. Zipo nafasi za reli, nafasi za huduma kama maji na taa, na nafasi za mahitaji ya lazima. Pembe nne za ubao zina uzito wa pekee katika hoja ya Magie. Pembe ya kuanzia inaitwa Dunia Mama, na kila anayeipita hulipwa ujira wa dola 100 kwa kazi aliyoifanya juu ya ardhi. Pembe nyingine ina bustani ya umma pamoja na nyumba ya maskini wanaofilisika. Pembe ya tatu ni jela. Ya nne ni shamba la mwungwana wa London aliyepewa jina la kejeli la Lord Blueblood. Anayelikanyaga hupelekwa jela kwa kosa la kuingia katika ardhi ya mtu. Mwenye shamba hayupo, hafanyi kazi wala hachezi, lakini sheria inamlinda.

Mchezaji aliyekaa mbele ya ubao huo aliona kwa macho yake jambo ambalo George alilieleza kwa mamia ya kurasa. Ujira wa kila mzunguko ni uleule, ilhali pango linaongezeka kadiri viwanja vinavyomilikiwa. Baada ya muda, ujira wote wa asiye na ardhi hupita mkononi mwake na kuishia kwa mwenye ardhi.

Hata hivyo, hiyo ilikuwa nusu tu ya somo. Toleo lililochapishwa New York mwaka 1906 lilikuwa na kanuni za kodi moja, ambazo wachezaji wangeweza kukubaliana kuzitumia. Chini ya kanuni hizo, pango la viwanja halikwenda tena kwa mmiliki bali katika hazina ya umma. Hazina ilipojaa, huduma zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi zilinunuliwa moja baada ya nyingine na kuwa mali ya wote, ikiwamo kampuni ya taa ambayo Magie aliipa jina la Soakum kukejeli ilivyowakamua wateja. Nafasi iliyokuwa ikimpeleka mtu jela iligeuzwa kuwa chuo kisicho na ada, na ujira ukapanda. Ubao ni uleule, kete ni zilezile, wachezaji ni walewale. Kilichobadilika ni sheria ya umiliki.

Hapa ndipo ilipo thamani ya mchezo kama zana ya kufundishia. Katika lugha ya utafiti, Magie alibuni jaribio lenye kundi la ulinganisho. Duru ya kwanza ikichezwa peke yake, mchezaji anaweza kudhani kwamba aliyeshindwa alishindwa kwa uzembe au kwa bahati mbaya ya dadu. Ni duru ya pili inayomwonesha kwamba matokeo yalitokana na kanuni. Somo lilikuwa katika tofauti kati ya duru hizo mbili, na tofauti haionekani pale ambapo kimebaki kitu kimoja.

4.0 Kutoka Arden hadi Wharton

Mwaka 1900 wafuasi wa kodi moja wakiongozwa na mchongaji Frank Stephens na msanifu majengo Will Price walianzisha kijiji cha Arden katika jimbo la Delaware. Ardhi ya kijiji iliwekwa chini ya wadhamini. Wakazi walikodishwa viwanja na kulipa pango la ardhi kwa jumuiya, na fedha hizo zikagharamia mahitaji ya wote. Kwa maneno mengine, Arden iliishi kila siku kwa kanuni za duru ya pili ya mchezo wa Magie. Haishangazi kwamba mchezo huo ulipata wapenzi huko, na kwamba wakazi walijichorea mbao zao wenyewe.

Scott Nearing, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1883, aliishi Arden katika miaka hiyo huku akifundisha uchumi katika Shule ya Wharton ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuanzia mwaka 1906. Nearing aliujua mchezo huo akiwa Arden na akawafikishia wanafunzi wake, akiutumia kama kielelezo cha madhara ya ukiritimba kwa jamii. Wanafunzi waliuchukua, wakajichorea mbao kwa mikono, wakaandika majina ya mitaa ya miji yao, wakawafundisha ndugu na marafiki. Kwa njia hiyo mchezo ulisambaa katika vyuo vingine vya mashariki mwa Marekani pasipo kiwanda wala duka.

Ili kuelewa mchezo ulimaanisha nini katika mazingira ya Wharton, ni lazima kuelewa mwalimu alikuwa nani. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1881 kwa fedha za mwenye viwanda Joseph Wharton ili kuandaa vijana kwa ajili ya biashara. Nearing alisimama katika shule hiyo akipinga hadharani ajira ya watoto viwandani na migodini. Alikuwa amewahi kuwa katibu wa kamati ya Pennsylvania iliyopigania suala hilo. Mwanafunzi aliyecheza Mchezo wa Mwenye Ardhi chini ya mwalimu wa namna hiyo hakuinuka mezani akiwa amejifunza mbinu za kuwafilisi wenzake tu. Alikutana na maswali: nani alistahili alichokipata, na nani alikilipia?

Juni 1915 Bodi ya Wadhamini ya chuo iliamua kutomwongezea Nearing mkataba, bila kutoa sababu. Uamuzi huo ulizua ghasia nchini Marekani. Chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka huohuo chini ya urais wa John Dewey, kiliichunguza kesi hiyo, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa matukio ya msingi katika historia ya uhuru wa kitaaluma.

Itakuwa kosa kudai kwamba Nearing aliondolewa kwa sababu ya mchezo. Misimamo yake juu ya ajira ya watoto, mishahara na utajiri inatosha kueleza uhasama uliokuwapo. Hata hivyo, tukio hilo lina umuhimu kwa hoja ya insha hii. Chuo kilimwondoa mwalimu, lakini mchezo ulibaki kwa wanafunzi. Wenye mamlaka walijua palipo na hatari kwao: haikuwa katika ubao, ilikuwa katika maneno yaliyousindikiza.

5.0 Kupotea kwa Nusu ya Mchezo

Kati ya mwaka 1915 na 1934 mchezo uliishi maisha ambayo msomi wa fasihi simulizi atayatambua mara moja. Haukuwa na matini moja yenye mamlaka. Kila aliyeunakili aliupunguza au kuuongeza. Kanuni zilipokezanwa kwa mdomo. Jina la mbunifu lilisahaulika. Wachezaji wengi waliuita tu mchezo wa ukiritimba.

Hatua za safari hiyo zinaweza kufuatiliwa. Katika Chuo cha Williams, Massachusetts, ulichezwa na ndugu wawili wa ukoo wa Thun, na kupitia kwao ukajulikana kwa mwanafunzi mwenzao Dan Layman. Layman aliupeleka kwao Indianapolis, na mwaka 1932 nakala yake iliuzwa kwa jina la Finance. Mwalimu Ruth Hoskins aliujua akiwa Indianapolis, kisha akahamia Atlantic City kufundisha katika shule ya Marafiki, yaani Wakristo wanaojulikana pia kama Quaker. Jumuiya ya Marafiki wa Atlantic City iliupa mchezo majina ya mitaa ya mji wao. Wao pia waliachana na mnada wa viwanja na kuweka bei maalumu kwenye ubao, kazi iliyohusishwa na Jesse Raiford, ambaye alijua bei halisi za nyumba mjini humo.

Kutoka hapo mchezo ulifika Philadelphia, ambako Charles Todd alimfundisha Charles Darrow, mtu aliyekuwa amepoteza kazi katika mdororo wa uchumi. Katika nakala ya Todd jina la kitongoji cha Marven Gardens lilikuwa limekosewa na kuandikwa Marvin Gardens. Kosa hilo limo pia katika mchezo ambao Darrow aliuuza mwaka 1935 kwa kampuni ya Parker Brothers kama ubunifu wake. Wahakiki wa miswada hutumia makosa ya mnakili kubaini muswada upi umezaliwa na upi, na hapa pia kosa la herufi moja linaonesha chimbuko kwa uhakika kuliko tamko lolote.

Katika mlolongo huo wote, kitu kimoja hakikupokezanwa: kanuni za kodi moja. Mchezo uliofika kwa Darrow ulikuwa na duru moja tu, ile ambayo Magie aliikusudia kama onyo. Kwa nini nusu hiyo ilitoweka? Jibu rahisi ni kwamba duru ya kwanza inasisimua zaidi. Ina hofu, tamaa, kisasi na mshindi mmoja anayeonekana. Duru ya pili inawainua wachezaji wote polepole, na haina kilele. Mtu anayecheza sebuleni baada ya chakula cha jioni hana sababu ya kucheza duru isiyo na msisimko. Sababu ya kufanya hivyo ilikuwa ya kielimu, na aliyekuwa na sababu hiyo alikuwa mwalimu. Alipoondoka, hakuna aliyebaki na haja ya kuitunza.

Kwa hiyo Parker Brothers hawakuuondoa ujumbe wa Magie. Waliununua mchezo ambao tayari ulikuwa umeupoteza. Walichofanya ni kuhalalisha upotevu huo kibiashara. Novemba 1935 kampuni ilinunua pia hataza ya pili ya Magie, aliyoipata mwaka 1924, kwa dola 500 bila mrabaha. Magie aliridhia kwa kuwa aliamini hatimaye mafundisho yake yangewafikia watu wengi. Alipotambua kwamba aliyekuwa akisifiwa kwa ubunifu ni Darrow, alizungumza na magazeti ya Washington mwanzoni mwa mwaka 1936 na kupigwa picha akiwa na mbao zake za zamani. Kampuni iliuchapisha Mchezo wa Mwenye Ardhi mwaka 1939 kwa msukumo mdogo wa kibiashara. Magie alifariki mwaka 1948, wakati mamilioni ya watu wakicheza nusu ya mchezo wake.

6.0 Ulinganisho: Mwamuzi wa Prussia

Hoja iliyotolewa hapo juu inaweza kupimwa kwa kulinganisha na mchezo mwingine wa kufundishia uliofuata njia tofauti. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonesha mfalme wa Prussia meza ya mchezo wa vita, na mwaka 1824 mwanawe Georg Heinrich alichapisha kanuni zilizoboreshwa. Jenerali von Müffling, mkuu wa watumishi wa jeshi, aliupokea kwa shauku na kuupendekeza kwa jeshi lote. Mchezo huo ulichezwa juu ya ramani halisi, na haukuweza kuchezwa bila mwamuzi. Yeye ndiye aliyepokea amri za pande zote mbili, kuamua zimezaa nini, na kuficha yale ambayo kamanda asingeweza kuyajua vitani.

Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kupunguza wingi wa kanuni na majedwali na kuongeza uzito wa uamuzi wa mwamuzi. Mabadiliko hayo ni kinyume kabisa na yaliyoupata mchezo wa Magie. Katika mchezo wa Prussia kanuni zilipungua ilhali mwalimu alibaki, na somo likadumu; mbinu hiyo ilienea katika majeshi mengine, na katika miaka ya 1880 William McCarty Little aliijenga katika Chuo cha Vita vya Majini cha Marekani huko Newport. Katika mchezo wa Magie kanuni za duru ya kwanza zilibaki imara, mwalimu akaondoka, na somo likageuka.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Jeshi ni taasisi yenye amri, na mwamuzi wake alilipwa na dola ambayo ilikuwa na haja ya somo hilo. Nearing alifundisha somo ambalo waliokuwa wakimlipa hawakulihitaji. Tofauti hiyo, hata hivyo, inaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha: kudumu kwa somo la mchezo kunategemea taasisi inayomtunza mwenye kulifundisha.

7.0 Kesi ya Anspach na Suala la Ushahidi

Historia iliyosimuliwa hapa inajulikana kwa kiasi kikubwa kutokana na mhadhiri mwingine aliyetaka kufundisha kwa mchezo. Ralph Anspach, aliyezaliwa Danzig mwaka 1926 na kukimbia utawala wa Kinazi akiwa mtoto, alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco. Mwaka 1973 alitoa mchezo alioupa jina la Anti-Monopoly, ambao wachezaji wake hupambana na ukiritimba badala ya kuujenga. Wenye alama ya biashara ya Monopoly walimtaka aache kutumia jina hilo, na kesi ikaanza mwaka 1974. Julai 1977, baada ya uamuzi wa awali kwenda kinyume naye, takriban seti 40,000 za mchezo wake zilifukiwa katika dampo la Mankato, Minnesota. Anspach aliendelea kukata rufaa. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wake, na mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilikataa kuupitia upya uamuzi huo.

Ili kuthibitisha kwamba mchezo ulikuwapo kabla ya Darrow, Anspach aliwasaka wachezaji wa zamani na kukusanya ushahidi wao. Bila kesi hiyo, jina la Magie huenda lingebaki katika jalada la hataza tu. Kitabu cha Anspach cha mwaka 1998 na kile cha mwanahabari Mary Pilon, The Monopolists, cha mwaka 2015, vyote vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya hazina hiyo.

Mtafiti anapaswa kuitumia hazina hiyo kwa tahadhari. Ushahidi mwingi ulitolewa na wazee waliokuwa wakikumbuka mambo ya miaka 40 hadi 60 iliyopita. Ulikusanywa kwa ajili ya swali la kisheria, yaani nani alicheza lini na kwa jina gani, na si swali la kielimu, yaani alijifunza nini. Kwa hiyo unathibitisha vizuri zaidi safari ya mchezo kuliko athari zake akilini mwa wanafunzi wa Nearing. Kwa sababu hiyo insha hii haidai kwamba wanafunzi wa Wharton waligeuka kuwa wafuasi wa Henry George. Inadai jambo dogo na la uhakika zaidi: kwamba nyaraka za hataza, kanuni zilizochapishwa na mbao zilizosalia, ambazo hazitegemei kumbukumbu ya mtu, zinaonesha mchezo wenye duru mbili ukibaki na moja, na kwamba badiliko hilo lilitokea nje ya darasa.

8.0 Hitimisho

Insha hii iliuliza ni nini kilichobeba somo la Mchezo wa Mwenye Ardhi na lilipotea katika hatua gani. Imeonekana kwamba somo lilibebwa na ulinganisho wa kanuni mbili juu ya ubao mmoja, pamoja na mwalimu aliyewauliza wachezaji maana ya walichokiona. Lilipotea katika unakili wa mikono na mapokezi ya mdomo kati ya mwaka 1915 na 1934, kabla kampuni yoyote kubwa haijaugusa mchezo. Ubao wenyewe haukutetea wala kupinga ukiritimba.

Matokeo haya yana maana mbili kwa ufundishaji wa chuo kikuu. Kwanza, mhadhiri anayepanga kipindi cha mchezo na kutumia muda wote kwa kucheza, bila kubakiza muda wa mjadala, anakuwa ameacha sehemu inayofundisha. Pili, mchezo unaoonesha mfumo mmoja tu wa kanuni huelekea kuufanya mfumo huo uonekane kuwa wa kimaumbile. Mwanafunzi anahitaji kuziona kanuni zikibadilika ili ajue kwamba zilitungwa na watu.

Kwa Tanzania jambo hili linakuja na swali lake mahususi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mmilikishwa hulipa serikali kodi ya pango la ardhi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akiwekewa ubao wa Magie hataona nchi yake katika duru ya kwanza, ambamo ardhi ni mali ya mtu, wala hataiona sawasawa katika ya pili, kwa sababu anajua kwamba viwanja vya mjini huuzwa kwa bei kubwa na nyumba hupangishwa kwa faida ya mwenye nyumba. Mhadhiri wake atalazimika kumwongoza kuandika duru ya tatu, kwa kanuni anazozijua kutoka mtaani kwao. Kazi hiyo ya kuandika kanuni, kuzijaribu na kuzijadili iko karibu zaidi na alichokikusudia Magie kuliko seti yoyote inayouzwa dukani.